Mganga Hajigangi: Nani Amgange?

Sisi wanafasihi huifasiri methali "mganga hajigangi" kana kwamba inamkejeli mganga. Nadhani inamdai jirani yake. Kisiwani Mfangano, katika miaka ya 2010, mradi wa Kanyakla, yaani "kikundi" kwa Kijaluo, uliwawezesha wenye VVU kujichagulia jamaa na marafiki wa kuwashika mkono katika matibabu. Mbona mhudumu wa afya ya jamii asiwe na kikundi chake? Mnamo Septemba 2023 Serikali ilizindua ugavi wa mikoba ya vifaa kwa wahudumu hao nchini kote. Jambo jema. Ila mkobani hamna wa kumsikiliza anayeshuka mlimani jioni na siri za nyumba kadhaa kifuani, ilhali naye, pengine, anaumwa.