Kahawa ya Usiku na Biharusi Anayesubiri

Sisi hatugombi na kahawa. Kwetu visiwani na kwa dada zetu wa Ngamiani, Tanga, baraza la kahawa ni undugu: hapo ndipo habari za msiba na mgonjwa hupatikana. Na kashata zake nyingi tunazipika sisi wanawake.

Lakini masufi wa Yemen, karne ya 15, walikunywa kahawa wakeshe kwa dhikri, si kukimbia nyumba. Na Mtume (S.A.W.) alichukia mazungumzo baada ya Isha.

Basi biharusi, posa ikija usiulize mahari tu. Uliza: barazani anarudi saa ngapi? Saa tatu, alhamdulillah. Saa sita kila siku? Hilo si baraza tena, ni mke mwenza.