Moyo wa Mtoto Usihukumiwe Gizani

Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Lakini yako maradhi yasiyofichwa na mtu. Yamejificha yenyewe tangu tumboni mwa mama. Mtoto huzaliwa na kilango cha moyo kisichokaa mahali pake. Akicheza kidogo anahema, na midomo yake hugeuka buluu. Huyu husema ni pumu, yule husema amerogwa. Sisi twasema: kwanza moyo utazamwe.

Tutoe mfano mmoja. Mwaka 1866, katika mji wa Breslau, daktari Wilhelm Ebstein alieleza habari za moyo wa kijana wa miaka 19. Kilango cha upande wa kulia kilikuwa kimeshuka mno, hata hakikuweza kuzuia damu isirudi nyuma. Hayo yalijulikana baada ya kijana kufa na mwili wake kupasuliwa. Ujuzi ulifika, mwenyewe amekwisha kwenda.

Leo hapana haja ya kungoja kaburi. Mwaka 1953, huko Lund, Sweden, Inge Edler na Hellmuth Hertz walichukua chombo cha kutafutia nyufa katika vyuma, wakakielekeza kwenye moyo wa mtu. Chombo hicho hupeleka sauti isiyosikika kwa sikio, kisha hupokea mwangwi wake. Kwa mwangwi huo daktari wa leo huona kilango kikifunguka na kufungika, na damu inakoelekea, bila kisu wala maumivu. Kwa ugonjwa wa Ebstein, hupima kilango cha kulia kimeshuka kiasi gani kuliko mwenzake wa kushoto. Tofauti ikifika milimita 8 kwa kila mita moja ya mraba ya ukubwa wa mwili, ugonjwa umejulikana jina.

Wapo watakaouliza: maradhi haya ni nadra, ya nini kuyatumilia fedha za wananchi? Ni kweli, katika watu 100 waliozaliwa na kasoro za moyo, mwenye ugonjwa wa Ebstein hafiki hata mmoja. Lakini kasoro zote zikikusanywa, humpata karibu mtoto mmoja katika kila 100 wanaozaliwa. Chombo ni kile kile kwa wote, na ndicho kinachoonyesha pia vilango vilivyoharibiwa na homa ya baridi yabisi.

Zamani wagonjwa wetu wengi wa moyo walivuka bahari kwenda India. Tangu mwaka 2015 tunayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Ni hatua ya kujivunia. Lakini mtoto wa kijijini hatafika huko kama hapana aliye karibu naye wa kumshuku ugonjwa. Wala chombo peke yake si tabibu; jicho lisilofundishwa hupita juu ya kilango kibovu lisikione. Twataka wapimaji wafundishwe mikoani, si vyombo vinunuliwe vikafunikwe vitambaa.

Nasi tusikae tukingoja. Ndugu mwanachama, ukimwona mtoto anayehema na kutoka jasho akinyonya, asiyeongezeka uzito, au mwenye midomo ya buluu, mhimize mzazi wake ampeleke hospitali upesi. Huko aulize: moyo wa mwanangu umepimwa? Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Ni haki ya mtoto.