Daniel Adongo: kutoka Nairobi hadi NFL, madogo wetu wajifunze nini?

Wadau, hapa Kisarawe ukisema mchezaji kapata timu nje, kila mtu anafikiria soka. Leo tuongelee raga, maana kuna jamaa wa jirani zetu ambaye safari yake inamhusu kila dogo anayesubiri dili.

Daniel Adongo alizaliwa Nairobi mwaka 1989. Raga ikampeleka Afrika Kusini, kisha New Zealand, akakipiga Counties Manukau. Mpaka hapo kila nchi ilimwongezea ujuzi wa mchezo uleule. Julai 2013 mambo yakabadilika: Indianapolis Colts ya Marekani ikamsajili, wakati hajawahi kucheza mpira wa Kimarekani hata mechi moja! Desemba hiyohiyo akaingia uwanjani kwenye NFL. Kenya nzima ilishangilia.

Ishu ni kwamba walinunua mwili: futi 6 na inchi 5, halafu ana mbio. Lakini michezo hii inafanana kwa sura tu. Kwenye raga unakimbia dakika 80, unaamua mwenyewe mpira unavyokwenda, na unamkaba mwenye mpira tu. Kule mchezo unakwenda vipande vya sekunde chache, na kila mtu ana kazi aliyoikariri. Wenzake walianza kukariri tangu sekondari, yeye miezi mitano! Alicheza mechi chache tu, na mwaka 2015 safari yake Colts ikaishia hapo.

Sasa mwangalieni Jordan Mailata wa Australia, naye katokea raga, ile ya wachezaji 13. Alipitia mpango wa kufundisha wageni ambao NFL iliuanzisha mwaka 2017. Philadelphia Eagles wakamchukua 2018, na misimu miwili ya kwanza hakucheza hata mechi moja ya ligi. Alianza 2020. Februari 2025 akabeba ubingwa wa Super Bowl.

Sisemi muda ndiyo sababu pekee, bahati nayo ipo. Ila wazazi, wakala akibisha hodi msiulize mshahara tu. Ulizeni dogo atafundishwa na nani, kwa muda gani, na mkataba ukivunjika nani analipa tiketi ya kurudi. Akianza kung'ata maneno, mrudishieni karatasi zake.

Mnaonaje wadau?