Tuulize Watoto Wako Wapi

Katika maktaba yetu kimo kitabu kimoja cha Kiingereza, jalada lake limeshonwa kwa uzi, kiitwacho Where Are the Children?, yaani Watoto Wako Wapi? Mwandishi wake ni Bibi Mary Higgins Clark wa Marekani, nacho kilipigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1975. Wenzangu wa Kidato cha Nne wanionapo nakisoma hunicheka. Wasema hadithi za kutia hofu ni za abiria, za kupotezea wakati ndani ya basi. Mimi nasema kitabu hiki kina jambo ambalo sisi watu wa pwani yatupasa kulifikiri.

Kisa chenyewe ni hiki. Nancy alikuwa na watoto wawili huko California. Wakatoweka, wakaonekana wamekwisha kufa, na mahakama ikamtia hatiani yeye mama yao. Akaachiliwa kwa sababu ya kasoro za kisheria katika kesi, si kwa sababu watu walimwamini. Akabadili nywele, akahamia Cape Cod, upande wa pili wa nchi, akaolewa na mume mwingine, akazaa tena watoto wawili. Asubuhi moja watoto hao wanatoka kucheza nje. Mama akienda kuwatazama, hawapo. Na siku hiyo hiyo gazeti la pale limetoa habari zake zote za zamani. Majirani wamwonaje? Msomaji aweza kukisia.

Mambo hayo yote hupita katika siku moja tu. Katika hadithi za Muhammed Said Abdulla, kama Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, sisi wasomaji hukaa gizani mpaka Bwana Msa na kiko chake atufumbulie fumbo. Bibi Clark hafanyi hivyo. Tangu mwanzo atuonyesha kwamba yuko mtu katika nyumba ya juu anayeichungulia nyumba ya Nancy. Basi sisi twajua kuwa mama hana hatia, na watu wa mji hawajui. Hapo ndipo moyo unapodunda, maana kila dakika wanayoitumia kumhoji mama ni dakika anayopewa yule mtu. Nilitamani niingie kitabuni niwapigie kelele.

Mimi ni mtoto wa Kigombe, na niliposoma habari hizo nilikumbuka jambo lililotokea kwetu nilipokuwa darasa la sita. Maji yalikuwa yamekupwa, wanawake wengine wako mwambani wakitafuta pweza, wengine wanachemsha dagaa pwani. Mtoto mmoja wa kiume, umri wake kama miaka minne, hakuonekana. Mama yake alipopiga ukelele watu walikusanyika upesi, na kwa hilo nawasifu. Lakini nililisikia kwa masikio yangu swali la kwanza lililoulizwa. Halikuwa “Alivaa nini?” wala “Alikwenda upande gani?” Lilikuwa, “Kwani wewe mama mtu ulikuwa wapi?” Akajibu kwamba alikuwa kwenye moto wa dagaa. Akaja mwingine akauliza lilo hilo, na wa tatu, na wa nne. Bibi mmoja akaanza kumsimulia mwenziwe jinsi mama huyo apendavyo mazungumzo. Jua linashuka na maji yanaanza kujaa. Mzee mmoja mvuvi ndiye aliyekata maneno, akawagawa vijana: hawa waende mikokoni, hawa mashamba ya mkonge, hawa watazame vyombo vilivyopandishwa pwani. Kabla ya magharibi mtoto alionekana amelala fofofo ndani ya mashua, chini ya tanga.

Baba yake alikuwa barazani akicheza bao tangu adhuhuri. Hakuna aliyemwuliza yeye alikuwa wapi. Na mpaka leo nikienda likizo husikia mama yule akitajwa kuwa ni “yule aliyepoteza mtoto,” ingawa mtoto mwenyewe yuko shule na ni hodari wa mpira.

Atatokea mtu aseme kwamba mama ndiye mlezi, hapana budi aulizwe. Ni kweli, naye polisi asiyemwuliza mama hajui kazi yake, maana mama ndiye ajuaye mtoto alionekana wapi mara ya mwisho. Lakini kuuliza ni kitu kimoja na kuhukumu ni kingine. Wala jambo hili si la hadithi tu. Mwaka 1980 huko Australia, karibu na jabali la Uluru, Bibi Lindy Chamberlain alisema kwamba mtoto wake wa wiki 9 amechukuliwa na mbwa mwitu aitwaye dingo. Wengi walimshuku, na baadhi yao kwa kuwa tu hakulia mbele yao kama walivyotazamia. Mwaka 1982 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1986 nguo ya mtoto iliokotwa karibu na mapango ya mbwa hao, naye akafunguliwa. Mwaka 1988 hukumu ikafutwa. Ilikuwa mwaka 2012 ndipo mchunguzi wa vifo alipotamka rasmi kwamba ni dingo. Hesabuni wenyewe hiyo miaka.

Kitabu kina upungufu wake. Nancy hulazwa na kupewa dawa muda mrefu mno, huku wanaume wakizungumza juu yake sebuleni, na mimi nilichoka kumngoja. Mwishowe aondoka mwenyewe katika dhoruba kuwafuata wanawe, na kurasa hizo nilizisoma kwa tochi baada ya kengele ya kulala (Mwalimu wa zamu anisamehe). Atakayoyakuta huko sitayasema.

Naomba chama chetu cha mdahalo kipokee hoja hii muhula ujao: kwamba mtoto akipotea, anayemlaumu mama kabla ya kutafuta amemsaidia mwizi. Wanaonicheka wasimame upande wa pili, nami nitakuja na kitabu.