Eti Zana, Si Sanaa

Kila ninaposoma makala ya historia ya sanaa ya Tanzania, hadithi ni ileile: wachongaji wa Kimakonde, kisha Edward Saidi Tingatinga na rangi zake kule Oysterbay mwishoni mwa miaka ya 1960, basi. Nyanda za Juu Kusini hazimo. Ukiuliza, unaambiwa huku kuna "zana" na "kazi za mikono". Hapo ndipo ninapogoma.

Nendeni Isimila, kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini, barabara ya Mbeya. Katika korongo lile, alikochimba Clark Howell na wenzake mwaka 1957 na 1958, kuna mashoka ya mawe yenye umri wa zaidi ya miaka 200,000. Wageni wengi hupiga picha nguzo za udongo, wakaondoka. Jamani, tazameni shoka lenyewe! Limebanduliwa pande zote mbili, kipande kwa kipande, kushoto kukalingana na kulia, ncha ikaja katikati. Kuchuna ngozi hakudai ulinganifu huo. Jiwe lolote lenye makali linatosha. Na yapo yanayopita sentimita 30, mazito kweli. Wataalamu bado wanabishana yalikuwa ya kazi gani. Mimi nasema aliyeyachonga alijua mahali pa kuacha, na hilo ndilo tunalowasifia washairi.

Mtasema hayo ni ya kale mno. Haya, shukeni mpaka Kyela, mkoani Mbeya. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, karibu na Matema, wanafinyanga bila gurudumu la mfinyanzi, na vyungu vinavuka kwa mtumbwi hadi gulio la Lyulilo. Mnunuzi anapatana bei, anaenda kupikia maharage. Wafinyanzi wa Harappa, bonde la Indus, nao walitengeneza vya kupikia na vya kuhifadhia, lakini vyao viko nyuma ya kioo, basi tunaviita ustaarabu. Kosa la mama wa Ikombe ni kwamba yuko hai, ni mwanamke, na chungu chake kina masizi.

Wahariri wa kurasa za sanaa, mnapima riwaya sentensi kwa sentensi. Nionyesheni mapitio mamoja tu ya chungu cha Kikisi: mdomo wake, wembamba wa ukuta wake, jinsi tumbo linavyokaa juu ya mafiga. Bei ya chungu ni ndogo kuliko ya kitabu, kwa hiyo msiniambie bajeti hairuhusu.