Kabla ya kuuza kihamba kwa ajili ya kidonge cha vinasaba

Swali ninaloulizwa sana siku hizi na ndugu wa wagonjwa wa saratani halihusu tena upasuaji wala mionzi. Linahusu vinasaba. "Daktari, tumesikia kuna kipimo cha vinasaba, na kuna kidonge kinachoupiga ugonjwa wenyewe bila kunyonyoa nywele. Wanasema India kipo. Baba tumpeleke?" Nyuma ya swali hilo, kwa sisi wa Kibosho, lipo jingine ambalo hakuna anayelitamka mbele ya daktari: tuuze kipande gani cha kihamba?

Kwa msomaji asiye wa huku mlimani, kihamba si shamba tu. Ni migomba na kahawa, ni nyumba ya mzee, na ni makaburi ya waliotangulia. Kikishauzwa hakirudi. Kwa hiyo ni haki yako, ndugu msomaji, kuelezwa bila mafumbo kidonge hicho kinafanya nini, kinamfaa nani, na kwa nini kwa saratani tunayoiona sana hapa kwetu sishauri hata mgomba mmoja uuzwe kwa ajili yake.

Saratani ninayoisema ni ya umio, ile njia inayopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni. Wengi huiita saratani ya koo. Tanzania imo katika ukanda wa mashariki ya Afrika, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, ambako ugonjwa huu ni mwingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na unawapata hata watu ambao hawajafika miaka 40. Umio una saratani za aina mbili. Moja huanzia kwenye seli za tezi, sehemu ya chini karibu na tumbo, na ndiyo iliyozidi Ulaya na Marekani. Nyingine huanzia kwenye seli bapa, zile zilizopangwa tabaka kwa tabaka kama vigae kuulinda umio. Ya kwetu, kwa sehemu kubwa sana, ni hii ya seli bapa. Naomba uishike tofauti hiyo, kwa sababu habari yote ya kidonge imesimama juu yake.

Sasa vinasaba. Juu ya kila seli kuna vipokezi, mfano wa vitasa vya mlango. Kimojawapo kinaitwa kwa kifupi EGFR. Ufunguo wake ni kichochezi cha ukuaji, na ufunguo ukiingia seli hupata amri ya kugawanyika. Kichochezi hicho kiligunduliwa na Stanley Cohen, mwanasayansi wa Marekani, ambaye alichukua majimaji ya tezi za mate za panya, akawachoma sindano panya wachanga, akaona macho yao yanafumbuka kabla ya siku zake. Mwaka 1986 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Rita Levi-Montalcini. Hata mate yako wewe yana kichochezi hicho. Ndiyo sababu mojawapo inayofanya kidonda cha ulimi kipone haraka kuliko kidonda cha mguu. Mlango huu, basi, haukuwekwa kwa ajili ya saratani. Uliwekwa ili majeraha yapone.

Mwaka 2004 watafiti wa Marekani waligundua kwamba baadhi ya saratani za mapafu zina hitilafu kwenye kinasaba cha EGFR. Kitasa kimevunjika na mlango umebaki wazi, hivyo seli inagawanyika usiku na mchana bila ufunguo wowote. Vidonge kama gefitinibu na erlotinibu huuziba mlango huo, na mgonjwa aliyekuwa hawezi kupanda ngazi anaweza kusimama baada ya wiki chache. Hizi ndizo habari mnazozisikia, na ni za kweli. Lakini hitilafu hiyo hupatikana zaidi kwenye saratani ya mapafu ya seli za tezi, hasa kwa watu wasiovuta sigara. Kwenye saratani ya mapafu ya seli bapa ni nadra. Kwenye saratani ya umio ya seli bapa ni nadra pia.

Hapa ndipo watu wanapochanganywa, na pengine hata kadi ya maabara inachangia. Mgonjwa wa umio anaweza kupimwa na majibu yakasema vipokezi vya EGFR ni "vingi". Ndugu wanafurahi: kumbe kipo, basi kidonge kitafanya kazi! Kuwa na vitasa vingi si sawa na kuwa na kitasa kilichovunjika. Umio wenye saratani ya seli bapa mara nyingi huwa na vipokezi vingi kupita kiasi, lakini vyenyewe ni vizima, na dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya kilichovunjika haivipati vizuri.

Wala si kwamba haijajaribiwa. Uingereza waliwachukua wagonjwa 450 wa saratani ya umio ambao dawa za dripu zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia, wengi wao wa aina ya tezi na wengine wa seli bapa. Nusu wakapewa gefitinibu, nusu kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalitolewa mwaka 2014: kwa ujumla waliomeza dawa hawakuishi muda mrefu kuliko wenzao, wote wakiwa kwenye miezi mitatu na ushee. Wachache walipata nafuu ya haraka, na uchambuzi wa baadaye ulionyesha huenda ni wale ambao kinasaba chenyewe kimejirudia nakala nyingi sana. Hilo ni jambo la watafiti kuendelea kulifuatilia. Kwa familia iliyokaa kikao cha ukoo Desemba, watoto wote wakiwa wamerudi nyumbani, halitoshi kuwa sababu ya kuita mnunuzi wa ardhi.

Kuna na sindano inayoziba kipokezi hichohicho, setuksimabu. Kwa saratani za seli bapa za koromeo na zoloto, utafiti uliotolewa mwaka 2006 ulionyesha kwamba ikiongezwa kwenye mionzi inarefusha maisha. Watu wakasema basi umio nao ni seli bapa, tuijaribu huko. Uingereza ikajaribu kwa wagonjwa 258, na mwaka 2013 ikatangaza kwamba walioongezewa sindano hiyo waliishi muda mfupi zaidi kuliko walioachwa na mionzi na dripu za kawaida. Narudia: muda mfupi zaidi. Dawa mpya si lazima iwe neema.

Na hitilafu zilizomo kwenye saratani yetu ni zipi? Mwaka 2021 ilichapishwa kazi kubwa iliyosoma vinasaba vyote vya uvimbe wa wagonjwa 552 wa saratani ya umio ya seli bapa kutoka nchi nane, Tanzania, Kenya na Malawi zikiwemo, pamoja na China, Iran, Japani, Brazili na Uingereza. Kinasaba kilichoharibika kwa wagonjwa wengi mno ni TP53, mlinzi anayeizuia seli mbovu isizaliane. Mlinzi huyo hana kidonge tunachoweza kukuandikia leo. Watafiti walitarajia pia kukuta, katika nchi zenye ugonjwa mwingi, alama ya sumu fulani iliyokwaruza vinasaba, kama moshi wa sigara unavyoacha alama yake kwenye mapafu. Hawakuikuta. Alama za nchi zenye ugonjwa mwingi zilifanana kwa kiasi kikubwa na za nchi zenye ugonjwa kidogo.

Wapo waliosikitishwa na jibu hilo. Mimi lilinifanya niiangalie upya chupa ya chai. Maana kama hakuna sumu moja inayokwaruza vinasaba, basi inawezekana sehemu ya tatizo ni kitu kisichokwaruza kabisa, bali kinachounguza na kulazimisha umio ujijenge upya kila siku. Kila unapounguza utando wa umio, mwili unatuma vichochezi, vitasa vinafunguliwa, seli zinagawanyika kuziba jeraha. Asubuhi inayofuata unaunguza tena. Katika kugawanyika kusikokwisha, makosa hujikusanya.

Watafiti wa hapa Kilimanjaro waliwahi kupima joto la chai wakati mtu anapopiga fundo la kwanza. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015, wastani ulikuwa nyuzi joto 70.6. Waliokunywa chai ya maziwa waliianza ikiwa ya moto zaidi kuliko waliokunywa ya rangi, kwa sababu ya maziwa haipoi upesi. Mwaka uliofuata Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani likaviweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Magharibi mwa Kenya, utafiti wa mwaka 2019 ulikuta kuwa wanaokunywa vinywaji vya moto sana wana hatari zaidi ya mara tatu kuliko wanaokunywa vya uvuguvugu au moto wa kawaida. Pombe na tumbaku nazo zina kesi yao ya zamani, na sitaifungua leo.

Najua Kibosho mwezi wa saba asubuhi ni baridi kiasi gani. Sikuambii uache chai. Nakuambia kama huwezi kupiga fundo bila kuvuta hewa pamoja nayo, bado haijafika wakati wake. Iache kwenye kikombe, umalizie kuvaa viatu. Mtoto naye asifundishwe kwamba ushujaa ni kunywa uji unaochemka.

Nirudi kwenye fedha, maana kikao kinanisubiri nimalize. Mgonjwa wa umio hufika kwetu akiwa amechelewa, na huchelewa kwa namna inayojulikana. Kwanza nyama inakwama, anaacha nyama. Kisha ugali unakwama, anahamia ndizi laini. Kisha mtori. Mtori wetu, pamoja na utamu wake, ni mfichaji mkubwa wa ugonjwa huu: mzee anakula kila siku, bakuli linarudi tupu, hakuna anayeshtuka mpaka suruali inapoanza kumdondoka. Katika miezi hiyo ameshapewa dawa za vidonda vya tumbo mara mbili au tatu, mwingine amekatwa kimeo, mwingine ameambiwa amelishwa kitu. Kila hatua imekula fedha. Siku anapopata kipimo cha kamera, maji yenyewe hayapiti.

Kwa hiyo shilingi ya kwanza ya familia, na ya pili, iende kwenye kamera. Mtu mzima ambaye chakula kinamkwama kwa zaidi ya wiki mbili aingizwe kamera na akatwe kinyama cha kupima. Wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, naomba mnisikie hapo: msimwandikie tena vidonge vya kupunguza asidi kabla hajaangaliwa. Na kama Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itakuwa na maana kwa mkulima wa migomba, maoni yangu ni kwamba kamera hiyo iwe miongoni mwa vitu vya mwanzo kulipiwa, kabla ya dawa yoyote ya bei kubwa tunayoisoma kwenye magazeti ya nje.

Fedha inayofuata iende kwenye kinachosaidia kweli. Ugonjwa ukiwahiwa, kuna upasuaji, na kuna mionzi pamoja na dripu. Kwa miaka mingi wagonjwa wetu wameifuata mionzi Ocean Road, Dar es Salaam. Ukiwa umechelewa, kuna stenti, kibomba cha waya kinachowekwa ndani ya umio ili njia ifunguke. Hakiponyi. Lakini mtu aliyeshindwa kumeza mate yake anaweza kuketi tena na wajukuu akala, na nimeona familia zikitamani zingejua habari zake mapema. Kuna pia dawa mpya za kuamsha kinga ya mwili, ambazo zimeonyesha faida kwa baadhi ya wagonjwa wa seli bapa. Bei yake haikamatiki, na hata hizo hazitegemei EGFR.

Kama saratani ni ya mapafu na majibu ya kinyama yanasema ni ya seli za tezi, mambo yanageuka: hapo omba kipimo cha EGFR bila aibu, kwa sababu majibu yake yanaweza kubadilisha matibabu yote. Ndiyo maana namwambia kila ndugu anayekuja na bahasha ya majibu aulize maswali mawili kabla ya kuulizia bei ya tiketi: saratani imeanzia wapi, na ni ya seli gani? Mtu yeyote anayekuuzia kidonge cha vinasaba bila kuisoma karatasi hiyo, iwe ni wakala wa safari au mtu mwenye koti jeupe, ondoka mbele yake.

Kwa wanaokwenda kupima kamera wiki hii: usile usiku wa kuamkia kipimo, wala usinywe chochote asubuhi, hata chai iliyopoa. Kama chakula kinakukwama sana, waeleze siku ya kupanga miadi, maana utahitaji kukaa na njaa muda mrefu zaidi. Taja pia dawa zote unazotumia, hasa za kuyeyusha damu. Na uende na mtu wa kukurudisha nyumbani.