Kioo Kiling'aa, Wadogo Wakafa

Somo: Mathayo 18:1-14

Leo naomba tuanzie sebuleni kwangu, hapa Soweto, Moshi, kwenye tangi la kioo la lita 40. Ndani yake hakuna samaki. Nafuga uduvi wa maji baridi, wale wekundu wa mapambo ambao asili yao ni Asia ya Mashariki. Mkubwa wao hafiki hata sentimita nne.

Jike hubeba mayai 20 hadi 30 chini ya tumbo kwa wiki tatu au nne, akiyapepea kwa miguu yake ili yapate hewa. Yakianguliwa, kila kifaranga ana umbo kamili la mama yake, ila urefu wake ni kama milimita mbili, na mwili wake unapenya mwanga. Ukiwa na haraka humwoni.

Jike wangu wa kwanza aliangua wiki mbili kabla ya Krismasi. Nanyi mnaijua Krismasi ya Kilimanjaro: ndugu wanarudi kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Dodoma, magari yanapanda mlimani, na kila nyumba inapakwa rangi. Nilipolitazama tangi langu niliona aibu. Kioo kilikuwa na utando wa kijani, kijiti cha ndani kilikuwa na utelezi, na sponji ya kichujio ilikuwa ya kahawia. Nikasugua kioo na kijiti, nikafua sponji kwa maji ya bomba, nikamwaga maji yote na kujaza mapya. Jioni wageni wakasifu: "Jamani, kinang'aa!"

Asubuhi, kabla ya kengele ya ibada, nilikuta vifaranga wamelala chini, weupe, hawatikisiki. Wakubwa walikuwa wazima, wanatembea kama kwamba hakuna kilichotokea.

Baadaye nilielewa nilichofanya. Ule utando niliouona uchafu ndio uliokuwa chakula chao. Kifaranga wa uduvi hawezi kuogelea mbali kutafuta chakula, hula kilichoota pale alipo. Kwenye sponji ya kahawia waliishi bakteria wanaogeuza sumu ya kinyesi kuwa kitu kisicho na madhara makubwa, na bakteria hao huchukua wiki kadhaa kujijenga. Maji ya bomba yalikuwa na klorini, tena yalikuwa ya baridi kuliko yale ya tangi. Mambo yote hayo wakubwa waliyavumilia, wadogo hawakuweza.

Wakulima wa kahawa mtanielewa upesi. Dawa yenye madini ya shaba tunayopulizia mibuni dhidi ya kutu ya majani na chulebuni huokoa mavuno, lakini kiasi kidogo sana cha shaba kikiingia kwenye maji ya uduvi, huwaua. Kinachomfaa mmoja si lazima kimfae mwingine. Na ole wetu tukipima usalama wa maji kwa kumtazama yule mkubwa anayevumilia.

Ndugu yangu, katika somo la leo wanafunzi wanamuuliza Yesu ni nani mkubwa katika ufalme wa mbinguni. Yeye anamwita mtoto na kumsimamisha katikati yao, kisha anatoa onyo kali kuliko mengi aliyoyatoa: anayemkosesha mmoja wa wadogo hao, heri angezamishwa baharini na jiwe la kusagia shingoni. Angalia kwamba hakumweka mtoto pembeni. Alimweka katikati, mahali ambapo sisi hupenda kuweka wageni wa heshima.

Basi tujiulize, tangi letu tunalisafisha kwa ajili ya nani? Wageni wakifika, mtoto anaitwa sebuleni asome matokeo yake ya mtihani mbele ya watu, na aliyefeli anachekwa. Binti anafukuzwa chumbani kwake ili mjomba alale, naye analazwa popote, na yeyote. Tunanyamaza tunapopaswa kuuliza, tukiogopa ukoo utasemwa. Jina la nyumba linang'aa, na kuna mdogo mmoja anakufa ndani kwa ndani.

Na kanisani je? Tunachangishana mamilioni kwa vigae na vipaza sauti, jambo jema, lakini shule ya Jumapili inakaa chini ya mti, watoto wa miaka minne na wa miaka kumi na miwili pamoja, na mwalimu mmoja asiye na hata kitabu. Tukiulizwa, tunajibu kwamba sisi tulikulia hapo hapo na tukapona. Hayo ni maneno ya uduvi mkubwa. Waliopotea hawapo kanisani leo ili watujibu.

Sisemi usafi ni dhambi. Siku hizi nabadilisha maji kidogo kila wiki, baada ya kuyaacha wazi kwenye ndoo usiku kucha. Sponji naisuuza kwa maji ya tangi lenyewe, na utando wa nyuma ya kioo nauacha. Tangi langu si zuri sana kwa mgeni, lakini mwaka uliofuata, mwezi wa tatu, nilihesabu vifaranga 17 kwenye kile kijiti, nao wakakua.

Wiki hii fanya jambo moja. Kaa na mtoto mmoja wa nyumbani kwako, bila simu na bila mgeni, umuulize ni kitu gani hapa nyumbani kinamuumiza. Kisha usimkaripie kwa jibu lake. Na wewe mzee wa kanisa, kabla ya kikao kijacho cha ujenzi, nenda ukakae dakika ishirini kwenye darasa la shule ya Jumapili.

Tuombe: Ee Bwana, uliyemweka mtoto katikati, utusamehe tulipong'arisha kioo tukawasahau waliomo. Utupe macho ya kuwaona wadogo, na uvumilivu wa kuwatunzia maji yao. Amina.